Mbuzi Aliyezeeka Dukani kwa Maganlal

Yule mwalimu aliingia dukani nikiwa juu ya ngazi, nimekumbatia rundo la madaftari, na swali lake nusura liniangushe.

"Shikamoo mama. Samahani, nimetumwa niulize kama mbuzi bado yuko hai."

Nilidhani ni mmoja wa wale vijana wanaorekodi watu kwa simu ili wawacheke baadaye. Nikashuka polepole, maana mtu hawezi kugomba vizuri akiwa ameshikilia ngazi.

"Marahaba. Hapa tunauza vitabu," nikamwambia. "Mbuzi nenda mnadani Kisongo."

"Najua mama. Naitwa Rachel, nafundisha shule ya msingi Moshono. Babu yangu ndiye kanituma. Elihuruma Sumari, wa kule Akheri. Kasema nikifika kwa Maganlal niulize habari za mbuzi wake."

Jina lile lilinituliza. Mzee Sumari alikuwa rafiki wa nyumba yetu hadi nilipokuwa na umri wa kuanza kukumbuka mambo, kisha akatoweka kama aliyemezwa na mlima, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini. Nikamwonyesha Rachel picha iliyoko ukutani, juu ya rafu ya kamusi. Mbuzi mweupe mwenye madoa, amevishwa shada la maua ya manjano, amesimama mlangoni pa duka. Upande huu nimemkumbatia mimi, upande ule kaka yangu Krunal.

"Huyo hapo. Tulimwita Karani, kwa sababu alikuwa anakula karatasi. Alifugwa uani, hapa nyuma ya duka tulipokuwa tunaishi; alikufa kwa uzee, tukamzika nyuma ya nyumba yetu ya sasa, Kijenge. Kamwambie babu yako mbuzi wake alitunzwa kama bwana harusi."

Nilitegemea acheke. Wateja wote hucheka nikiwasimulia habari za Karani. Rachel alikaa juu ya boksi la chaki, akajifunika uso.

"Kwa hiyo hamkumchinja," akasema.

"Tumchinje kwa nini? Sisi hatuli nyama!"

"Hamli nyama," akarudia, kama vile habari hiyo ndiyo kwanza inaufikia mji wa Arusha. "Hamli kabisa?"

"Hata yai."

Basi akanieleza, na kadiri alivyonieleza ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Yule mbuzi hakuwa zawadi. Wameru, mtu akimkosea mwenzake kosa zito, huenda kwake na jani la isale lililofungwa fundo, lile jani refu la kijani wanalolipanda mipakani mwa mashamba, na anakwenda na mbuzi. Ukipewa isale huna ruhusa ya kuikataa. Kisha mbuzi anachinjwa, mkosaji na mkosewa wanakula pamoja, na neno linaishia hapo.

"Na asipochinjwa?" nikauliza.

"Basi neno bado lipo. Babu alikuwa akishuka mjini, akipita uchochoro wa nyuma ya duka lenu, anamsikia mbuzi analia. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Akajua mmepokea isale kwa heshima tu lakini hamjamsamehe. Akaacha kushuka."

Yote hayo ningeweza kuyabeba. Lililonishinda ni lile la mwisho. Tangu wakati huo Mzee Sumari hajala Chakula cha Bwana. Kanisani anakwenda, anaimba, anatoa sadaka, lakini watu wakianza kupanga mstari kwenda madhabahuni yeye anachukua kofia yake na kutoka nje. Anasema mtu ambaye ndugu yake hajamsamehe hana haki ya kuushika mkate ule. Zaidi ya miaka arobaini. Sasa anaumwa, ya kupona hayapo, mchungaji anakuja nyumbani na anarudi na vyombo vyake bila kuvifungua.

"Anaogopa kufa hivyo, mama," Rachel akasema. "Usiku anaita jina la baba yako."

"Lakini alitukosea nini?"

"Hasemi. Mimi nilidhani mnajua ninyi."

Mimi sikujua chochote. Nilisimama katikati ya duka la babu yangu nikiwa na umri wa kuwa bibi, nimeshika daftari la mistari, na sijui hata mbuzi wa nyumbani kwetu alikuwa mbuzi wa nini.

Sharti nieleze kwamba wiki zile nilikuwa naiandika historia ya ukoo. Si kwa hiari. Krunal anakaa Leicester, binti yake anaolewa, na watu wa kule wanapenda kuchapa kijitabu cha kugawa harusini: tumetoka wapi, tumefanya nini. Yeye aliyeondoka anataka historia, mimi niliyebaki ndiye niiandike. Kila jioni ananitumia ujumbe: Avni, usisahau mbuzi.

Historia yenyewe, kama nilivyolishwa tangu utotoni, si ndefu. Baba yake babu alikuja Arusha na majora ya kaniki, akafungua duka la nguo na taa za mafuta. Mwanawe, Babu Maganlal, hakuipenda nguo. Siku moja mwalimu mmoja wa mlimani alimwomba amletee mbao za kuandikia na kalamu za mawe kutoka pwani, akaleta. Kisha akaombwa vitabu vya nyimbo za kanisani, akaleta. Alikuwa Mhindu aliyewasha ubani asubuhi mbele ya miungu yake na kushinda kutwa akiwauzia Walutheri nyimbo, na hakuona tatizo lolote. Vitabu vilivyochakaa alivishona upya na kuvivika majalada ya mabaki ya kaniki ya baba yake. Nasikia mlimani bado vipo, vyeusi, vigumu kama viatu.

Ndipo anapoingia Sumari. Wakati wa ujana wao, baba yangu Jayantilal na Elihuruma walikuwa wanapanda mlima Jumapili, vitabu vimefungwa kwenye baiskeli, wanasubiri nje ya kanisa mpaka baraka itolewe ndipo wafungue mzigo. Babu aliwakataza kabisa kuuza kabla ya baraka. Wakati wa kipaimara hawakurudi na kitabu hata kimoja. Kwa Sumari baba alikuwa analala kama nyumbani, na Sumari akishuka mjini alikuwa anakula chapati jikoni kwa bibi yangu.

Kisha ukaja mwaka wa msako, themanini na tatu, wakati bidhaa zilipoadimika na wenye maduka wakaitwa walanguzi. Askari walikuta maboksi ya madaftari ya babu yamefichwa. Babu Maganlal akachukuliwa. Alikaa ndani miezi kadhaa, akarudi mtu mwingine, mkimya, anakaa dukani ameelekea rafu kana kwamba ameadhibiwa na mwalimu. Haukupita muda akafariki. Na katika matanga yale, wakati marafiki wa zamani walipokuwa wanatukwepa barabarani, mtu mmoja tu alishuka kutoka mlimani na mbuzi wa kutupa pole. Tusingeweza kumla, tukamfuga. Kila mwaka Diwali ikifika tukamvisha maua.

Hiyo ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote. Nilikuwa nimeshaiandika kwa ajili ya Leicester, na niliiandika vizuri.

Mchana ule nilifunga duka mapema nikaenda nyumbani kumwambia baba. Ametimiza miaka themanini, masikio yanasikia, akili imetulia, ila maneno anayatoa kwa kubania. Nilimkuta barazani anamenya karanga. Nikamsimulia yote kwa Kigujarati, kwa pupa, huku nacheka na kutaka kulia: kwamba mbuzi alikuwa wa msamaha, kwamba hatukujua, kwamba rafiki yake anakufa akidhani amekataliwa, na yote kwa sababu sisi hatuli nyama! Umewahi kusikia jambo kama hili?

Baba akaendelea kumenya karanga.

"Bado yuko hai?" akauliza.

"Karani? Baba, Karani tulimzika—"

"Elihuruma."

"Yuko hai. Twende kesho tukamweleze."

"Kesho nina shughuli," akasema, akaingia ndani. Baba hajawa na shughuli tangu aniachie funguo za duka. Akafunga mlango wa chumba chake. Nikabaki na maganda ya karanga, sielewi kitu. Rafiki wa ujana wake, mtu pekee aliyetukumbuka siku ya shida, na yeye ana shughuli!

Nilimpigia Rachel hata hivyo. Sikuweza kuvumilia wazo la mzee yule kulala siku moja zaidi na mzigo usio wake. Nikamwambia amweleze babu yake wazi: Wahindi wale hawakujua maana ya mbuzi, hawali nyama, walimpenda, walimvisha maua, hakuna aliyekuwa na kinyongo, na kesho tutapanda kumwona, baba akikubali. Rachel alilia kwenye simu, nami nikalia, na nikajiona mtu mwema sana.

Asubuhi nilimkuta baba ameshavaa. Shati jeupe, koti la harusini, kofia. Amekaa kwenye gari upande wa abiria, mlango umefungwa, kama mtu anayesubiri treni iondoke.

"Twende," akasema.

Tulipoiacha barabara ya Moshi pale Tengeru na kuanza kupanda, mimi ndiye niliyeongea kwa niaba ya wote. Nilimwambia kwamba habari nzuri zimetangulia, mzee ameshaambiwa kuwa hatukujua. Baba aligeuka akanitazama.

"Nani kamwambia hivyo?"

"Mimi. Kupitia mjukuu wake."

Akarudisha macho kwenye migomba. Nilifikiri amechoka na barabara, maana mvua ilikuwa imeichimba vibaya.

Nyumba ya Mzee Sumari iko chini ya kanisa, katikati ya kahawa. Tabitha, mama yake Rachel, alitupokea mlangoni kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza. Baba alimsalimia kwa Kimeru. Si salamu ile ya sokoni ambayo hata mimi ninayo. Waliongea, akauliza habari za huyu na yule, akasahihishwa jina la marehemu fulani, akasikitika, yote kwa Kimeru, bila kutafuta maneno. Sijawahi kumsikia akikitumia maishani mwangu. Mteja wa mlimani akija dukani, baba anamjibu kwa Kiswahili.

Uani kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mgomba. Rachel aliona ninavyomtazama akaniambia nisiwe na wasiwasi, babu alimwagiza jana ili aombe msamaha upya, kabla hajapata habari zetu, na sasa hachinjwi. Jikoni kulinukia ndizi.

Mzee Sumari alikuwa ameinuliwa kwa mito. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na mishipa, lakini alipomwona baba uso wake ulifunguka, nikaona jinsi alivyokuwa kijana. Kitandani kando yake kilikuwapo kitabu cha nyimbo cha jalada la kaniki. Baba akakaa kwenye kigoda karibu na mto. Walishikana mikono, hawakuachiana.

"Jayanti," Mzee Sumari akaanza, kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu yangu. "Mjukuu wangu kanieleza. Kumbe hukujua! Siku ile sauti ilinitetemeka, na Kimeru chako siku zote kilikuwa cha kuuzia vitabu. Kumbe hukunielewa hata nusu. Na mimi mpumbavu nakaa huku nakuhesabia hasira ambayo hunayo. Mbuzi wangu mkamvisha maua!" Akacheka mpaka akakohoa, Rachel akamfuta mdomo. "Sasa sikiliza. Sikuombi ule nyama leo. Tabitha amepika ndizi na maharage. Tutakula hizo sahani moja, mimi na wewe, na Mungu ni mwelewa. Mchungaji anakuja mchana na Chakula cha Bwana. Nitapokea, Jayanti. Nitapokea!"

Nilikuwa natabasamu mpaka masikioni. Baba alitakiwa kuitikia kwa kichwa tu, basi. Hata neno halikuhitajika.

Baba akavua kofia.

"Elihuruma," akasema. "Nilijua."

Kwa muda nilidhani baba amechanganya mambo ya uzee.

"Nilikielewa Kimeru chako chote," baba akaendelea, sauti ile ile ya kuhesabia chenji. "Ulisimama mlango wa nyuma. Ulisema maboksi ya baba yangu yalikuwa kwenye ghala lako la kahawa. Tulikubaliana utasema ni ya shule ya kanisa, na kweli yalikuwa ya kuja shule za huku, Januari. Ulisema askari walipokuja ulimwona mmoja amemshika mwanao shingoni, ukasema ni ya Maganlal. Ulisema unaomba msamaha kwa ajili ya mzee. Yote niliyasikia. Nikapokea isale kwa sababu hairuhusiwi kuikataa. Halafu nikaingia ndani nikamwambia mke wangu kwamba Elihuruma katuletea mbuzi wa pole. Nani angeniuliza kwa nini hatumchinji? Sisi hatuli nyama."

"Baba," nikasema. Hakunisikia.

"Nilimpa majani kila asubuhi kwa mkono wangu, Elihuruma, ili nisikusamehe. Alipougua nilimwita bwana mifugo. Sikutaka afe. Nilijua unamsikia ukipita."

Mzee Sumari aliutoa mkono wake mkononi mwa baba, akaurudisha juu ya blanketi. Kisha akageuza uso, akautazama ukuta.

"Tokeni nje," akasema.

Tukatoka. Baba akakaa kwenye benchi kando ya lile ghala la kahawa, bila shaka ghala lile lile, ingawa bati lilikuwa jipya. Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka uani nikiwa sijui nimkasirikie nani kwanza. Damu ilikuwa inanichemka, na haikuwa na pa kwenda. Ndani amelala mtu aliyemtaja babu yangu kwa askari, babu aliyenifundisha kusoma akiwa amenipakata juu ya rundo la magazeti. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo. Lakini mtu huyo alikuwa na mtoto aliyeshikwa shingoni, na maboksi hayakuwa yake, na alikuja mwenyewe na mguu wake kusema. Na nje amekaa baba yangu, mtu asiyeua hata mende, mtu ambaye nilimwona utotoni kila asubuhi amechutama mbele ya mbuzi na konzi ya majani, na nikaamini kabisa kwamba ule ni upendo. Nilijifunza upole kwa kumtazama pale. Sasa nilikuwa nimejifunza nini?

"Kwa nini hukunyamaza?" nikamfokea. "Alikuwa anafurahi! Angekula ndizi zake, angepokea mkate wake, angekufa kwa amani. Umekaa kimya maisha yako yote, leo ndiyo siku ya kusema?"

"Angekula ndizi na mtu mwingine," baba akasema. "Mtu asiyejua. Mtu huyo hayupo."

"Na babu? Babu alijua nani kamtaja?"

"Babu yako alijua siku ile ile aliyokamatwa. Alipotoka alisema tu, Elihuruma ana watoto. Hakulitaja tena." Akaisugua kofia yake magotini. "Mzee alishamaliza. Ni mimi niliyeendelea."

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo, na nguo yangu nzuri. Kwa hiyo aliyekosewa alikuwa amesamehe, na ambaye hakukosewa yeye ndiye aliyekataa, na aliyekataliwa amejinyima mkate ule zaidi ya miaka arobaini kwa ajili ya hasira ya mtu wa pili. Nilijaribu kuipanga hesabu hiyo kila upande ikanishinda. Nilimwonea baba huruma na nilitaka kumpiga. Nilitaka turudi mjini. Nilitaka kuingia ndani nimwombe yule mzee msamaha, na nilitaka kuingia ndani nimwulize alidhani askari wangemfanya nini babu baada ya yeye kumtaja.

Mchungaji alifika na pikipiki, begi lake jeusi begani. Tabitha alimnong'oneza kitu mlangoni, akatutazama, akaenda kusimama upande wa kahawa. Hakuna aliyetuletea chai. Jua lilipanda, mlima ukajifunika mawingu yake, na baba hakujisogeza kutoka pale alipokaa.

Mwishowe Rachel akatoka. Macho yalikuwa mekundu, na hakunitazama mimi.

"Babu anasema mbuzi achinjwe," akasema. Kisha akamgeukia baba. "Na anauliza kama wewe babu utakula."

"Mwambie nitakula."

"Baba!" Nikasimama. "Hujawahi hata kuonja. Tumbo lako la sasa hivi hata dengu linazikataa. Kuna ndizi, zimeshapikwa, yeye mwenyewe alisema—"

"Alisema kwa mtu asiyejua," baba akanijibu, akavaa kofia yake.

Sikutazama kuchinjwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaziba masikio, mimi mwanamke mzima, na bado nilimsikia. Baba alisimama karibu mpaka mwisho, Rachel aliniambia baadaye, mikono nyuma, hakugeuza uso. Kisha harufu ya ini likichomwa ikaja juu ya moshi, nikaziba pua kwa ncha ya nguo yangu, kisha nikaona aibu nikaiachia.

Tulipoingia tena, Mzee Sumari alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alionekana mdogo zaidi kuliko asubuhi. Hakuwa na ule uso wa furaha, na sitasema alikuwa na uso wa amani, kwa sababu sijui ulikuwa uso wa nini. Tabitha akashika sahani yenye vipande viwili vya ini, vidogo, vimeungua pembeni. Mchungaji alikuwa kwenye kona, begi lake bado limefungwa.

"Na wewe unanisamehe?" baba akamwuliza. Aliuliza kwa Kimeru, Rachel ndiye aliyenitafsiria sikioni.

"Kula kwanza," Mzee Sumari akasema.

Alitangulia yeye. Alikichukua kipande chake, akatafuna kwa fizi kwa muda mrefu, akameza. Kisha akachukua cha pili, akamnyooshea baba mwenyewe, kwa mkono wake. Baba akakipokea kwa mikono miwili. Akakitia mdomoni.

Niliona taya likisogea. Niliona jasho likimtoka chini ya kofia, machozi yakishuka mpaka kwenye kola ya shati jeupe, na koo lake halikusogea. Shavu moja lilikuwa limetuna. Alitafuna na kutafuna, akaacha, akafumba mdomo juu yake, na akatukodolea macho wote, mtoto wa miaka themanini. Nilinyoosha kiganja nikitaka kumwambia ateme, hakuna atakayemlaumu, na mkono wangu ukabaki hewani kwa sababu sikujua nilikuwa namwonea huruma yupi kati yao.

Mzee Sumari akaegemea mbele kwa shida, akaweka mkono wake juu ya goti la baba.

"Meza, Jayanti," akasema. "Mimi yangu nimeshameza."

Baba akafumba macho, akameza.